Nimefunga Injini ya Bei Nafuu Kwenye Trekta Dogo, na Limelima Msimu Mzima

Juzi kijana mmoja wa Sengerema amenitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimeliona trekta lako likilima kule Usagara, nikaambiwa umelifunga injini ya Kichina ya bei ya chini. Langu nalo ni la mikanda, limepasuka bloku, limelala chini ya mwembe tangu mwaka jana. Nifanye kama wewe au niliuze chuma chakavu?"

Marahaba mdogo wangu. Usiliuze.

Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora nililete hapa. Najua hayuko peke yake. Pita huku kwetu Mwanza, Kisesa mpaka Magu, au Misungwi mpaka Kwimba, uone matrekta madogo na pawatila, yale ya kusukuma kwa mkono, zilizolala. Nyingine zipo uani tangu enzi za Kilimo Kwanza, azimio la 2009. Gia nzima, matairi yapo, kilichokufa ni injini tu. Na wewe unayesoma hapa najua unachotaka: kulima kwa wakati, kwa chombo chako, bila kumpigia mtu magoti mvua zikianza.

Langu nililinunua mkononi kwa mzee mmoja wa Magu. Ni lile dogo la magurudumu manne, injini ya silinda moja imelala mbele, nguvu inakwenda nyuma kwa mikanda mitatu. Lililima majaruba yangu ya mpunga na ya majirani, likalipa ada za watoto. Kisha nikichomoa kijiti cha oili nikawa nakuta oili ya rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanapita ndani, bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, ina ufa. Injini za namna hii hupasuka pale dereva anapoiacha ikaukiwe, halafu ikiwa moto vilevile anaimiminia maji baridi.

Nililipeleka gereji moja mjini ambayo sitaitaja. Wakapokea hela, wakasema ufa utazibwa. Mvua za vuli zikaanza, majirani wakaanza kulima, mimi nikawa mtu wa "njoo kesho". Siku ya kulichukua ufa ulikuwa palepale, na pampu yangu ya dizeli, iliyokuwa nzima kabisa, ilikuwa imebadilishwa. Waliyoiweka ilikuwa imechakaa mpaka inavuja. Nilipouliza, kila fundi akamtazama mwenzake. Wateja walikuwa wameshanipa kianzio. Niliwarudishia mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na kuna mama mmoja mjane aliyekosa msimu ule kwa sababu alinisubiri mimi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya pesa. Gereji ile sijamaliza kuisamehe.

Shemeji yangu akasema niuze, ninunue maksai. Sikumlaumu, alikuwa anatuonea huruma. Ila mimi nilikuwa nimeshaonja kulima eneo kubwa kwa siku moja, na mtu akishaonja hilo harudi nyuma kirahisi.

Injini mpya yenye jina la kiwanda kilichounda trekta sikuiweza, wala hapa Mwanza sikuiona. Nilichokiona madukani ni zile 195 za Kichina. Hii ni injini ya dizeli ya silinda moja, kipenyo cha silinda milimita 95, mwendo wa pistoni milimita 115, nguvu ya farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Viwanda vingi vinaitengeneza kwa majina mbalimbali lakini umbo ni lilelile, na hapo ndipo faida yake ilipo. Ringi, nozeli, laina, gasketi, vyote vinapatikana, maana injini hizi zinasaga mahindi na kuvuta maji vijijini. Niliipata kwa bei isiyofika ya jozi ya maksai.

Muuzaji alinisukuma sana nichukue 1115, ile ya farasi 22. "Tofauti ya hela ni ndogo, kaka, chukua dume." Nilikataa, na nataka na wewe ukatae. Trekta langu lilizaliwa na injini ya farasi 12. Ile 195 ina nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nyutonimita, ya 42 hivi, 1115 inafika 70. Maana yake klachi, mikanda na meno ya gia vinabeba zaidi ya mara moja na nusu ya vilichoumbiwa. Injini itakuwa nzima, giaboksi ndiyo itamwagika, na giaboksi ya matrekta haya kuipata ni kazi kuliko injini. Uzito nao uangalie: 195 ni karibu kilo 140, ile kubwa inapita 170, na zote hizo zinakaa juu ya ekseli ya mbele.

Kitu kimoja muuzaji hatakuambia. Sisi huku ziwani tuko juu, zaidi ya mita 1100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kushindilia hewa, inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibao. Kwa hiyo farasi 12 za kwenye karatasi, shambani ni kama kumi na kitu. Zinatosha, mradi usilazimishe jembe kwenda kina kirefu.

Sasa sikiliza hapa. Injini ya bei nafuu usiiwashe siku uliyoinunua. Mimi na fundi wangu, kijana mtulivu wa Nyakato, tulifungua kifuniko cha nyuma kabla ya kumimina hata tone la oili. Nikaingiza kidole kwenye kona za ndani za bloku, kikatoka na chembe nyeusi za mchanga. Ni mchanga wa kiwandani, wa kwenye kalibu ya kumiminia chuma, haukusafishwa vizuri. Ungekwenda wapi ule? Kwenye beringi za krenki. Tukaosha kwa dizeli safi na brashi, tukaosha tena mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Tukakaza upya bolti za koniroldi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Tukapima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.35 ya kuingiza hewa, 0.45 ya kutoa moshi. Watu wanaosema injini hizi zinakufa mapema, wengi wao waliruka kazi hii ya asubuhi moja.

Halafu puli. Naomba usome hapa taratibu, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa. Injini yangu ya zamani ilikuwa ya mizunguko 2200, na puli yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 150. Mpya ni ya 2000. Ukihamisha puli ileile, trekta linakuwa zito, mwendo unapungua, na rotaveta, jembe la visu vya kuzunguka, haichambui udongo. Hesabu ni nyepesi: 150 mara 2200, gawanya kwa 2000, unapata 165. Fundi wa kukereza pale Nyakato akanikerezea puli ya milimita 165 yenye mifereji mitatu, tukaifunga kwa bolti kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Pima puli kabla hujalipia injini. Pima puli ya injini, pima na ya klachi, andika.

Angalia pia injini inazunguka upande gani. Ikizunguka kinyume na ile ya zamani, gia zako zote za mbele zinageuka kuwa za kurudi nyuma.

Kunyoosha puli ya injini na ya klachi zikae mstari mmoja tulitumia uzi. Unaubana kwenye uso wa puli ya mbele, unauvuta mpaka ya nyuma, na ni lazima uguse kingo zote bila kupinda. Mkanda ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ushuke milimita 10 hadi 15, basi. Mikanda yote mitatu inunuliwe pamoja, usichanganye mpya na wa zamani. Habari za tangi, bomba la moshi na kuchomelea vipande vya chasi sitakuchosha nazo, fundi yeyote mwenye akili anazimudu. Ila nati ziwe mbilimbili, kwa sababu silinda moja inatikisa kweli kweli, na baada ya saa chache za kazi uzikaze tena.

Ilipowaka mara ya kwanza nilikuwa nimeinama juu ya kifuniko cha kichwa cha injini, macho kwenye kile kipini chekundu kinachoonyesha oili. Kikapanda. Nikamshika fundi mkono sikuuachia. Kipini hicho kisipopanda, zima hapohapo. Na maji yakichemka kwenye tangi lake la juu usiogope, injini hii inapoozwa kwa maji kuchemka na kupotea kama mvuke. Kazi yako ni kuongeza kabla kiboya chekundu hakijazama.

Limelima msimu mzima. Kwenye luseni, udongo wa kichanga, linakwenda kama halina mzigo. Kwenye mbuga nalingoja udongo ukauke kidogo juu, maana ule mweusi ukiloa unashika hata trekta kubwa. Likifanya kazi kwa nguvu zote linakunywa kama lita mbili na nusu za dizeli kwa saa. Yule mama mjane nililimia jaruba lake la kwanza kabisa, bila malipo. Na shemeji sasa ndiye anayeniletea wateja.

Vijana wenzangu, tuache kuamini kwamba kitu cha bei ndogo hakifai, na tuache pia kuamini kwamba ukishalipa umemaliza. Hela uliyookoa kwenye injini, sehemu yake iende kwa fundi mwaminifu, kwenye puli iliyokerezwa vizuri na kwenye oili safi. Baada ya saa 50 za kwanza mwaga oili hiyo, weka mpya. Simama mwenyewe fundi anapofanya kazi. Usiache trekta gereji ukaenda nyumbani kulala. Weka alama kwenye pampu yako, piga picha, mwambie fundi kwamba umepiga picha.

Kwa mwenye trekta dogo la Kijapani, zile Kubota na Yanmar ambazo injini imeungana moja kwa moja na nyumba ya klachi, haya niliyoyaeleza hayakuhusu. Pale hakuna mkanda wa kukusamehe. Inahitajika bamba la kuunganishia lililokerezwa kwa usahihi, flaiwili inayoendana na shafti iliyonyooka kabisa, na mara nyingi kutafuta injini ileile iliyotumika kunakuwa na gharama ndogo kuliko kubadili aina.

Mdogo wangu wa Sengerema, wewe umesema lako ni la mikanda, basi una bahati. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, fundi wangu anaweza kuvuka asubuhi na vifaa vyake akarudi jioni, hakuna tena kusubiri kivuko. Kabla hujalipa chochote nitumie picha ya kibao cha injini ya zamani, kipenyo cha puli zote mbili, na upana wa reli za chasi pale injini inapokaa. Nikishavipata nitakupigia tukae kwenye hesabu.