Breka Haioni Skrubu Iliyolegea: Kwa Anayeanza Kukagua Nyumba

Kosa la kwanza la anayeanza kazi hii ni kuona taa zinawaka na breka zote (swichi zinazokata umeme mkondo ukizidi) ziko juu, akaandika kwamba sanduku la umeme ni zima. Kasoro nyingi zinazounguza nyumba hazikati breka. Breka hupima ampia zinazopita. Haijui kwamba skrubu imelegea.

Piga hesabu. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.1, kikipitisha ampia 20, huzalisha joto la wati 40 (20 × 20 × 0.1), lote mahali padogo kuliko ncha ya kidole, tena palipozungukwa na plastiki. Ampia 20 ni mzigo halali, kwa hiyo breka ya ampia 20 inatulia tu huku ganda la waya likikauka na kupasuka.

Kabla ya kufungua, tazama chini na juu. Sakafu ikiwa na maji, au sanduku likiwa na michirizi mibichi ya maji, acha na uandike hivyo. Testa ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha kwenye chuma cha sanduku, halafu irudishe soketini kuhakikisha haijafa katikati ya kazi. Kumbuka pia kwamba kuzima swichi kuu hakuzimi vibano (sehemu zenye skrubu zinazoshika waya) vinavyopokea waya wa mita. Hivyo vina umeme daima.

Kifuniko kikitoka, usivute waya wala usikaze skrubu. Wewe ni mkaguzi. Nusa kwanza. Plastiki ya breka inayoungua mara nyingi hunuka kama samaki. Kisha pitisha tochi kwenye kila kibano, polepole: ganda lililogeuka kahawia karibu na skrubu, shaba iliyopoteza mng'ao, nyuzi zilizokatwa ili waya uingie, ganda lililobanwa pamoja na shaba. Usisahau vibano vya nyutro, waya wa kurudishia umeme. Wengi hukagua waya wa moto tu, na nyutro iliyolegea kwenye nyumba ya fezi tatu (inayoletewa nyaya tatu za moto) inaweza kupandisha volti za baadhi ya vifaa hadi viungue.

Sasa linganisha waya na breka. Kwa kawaida waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hulindwa na breka ya ampia 6 au 10, wa 2.5 na ya 16 au 20, wa 6 na ya 32. Namna waya ulivyolazwa na kanuni za mahali ulipo ndizo zenye neno la mwisho. Ukikuta 2.5 moja inayokwenda kwenye hita chini ya breka ya 32, jua kuna mtu alichoka na breka kukatika akaweka kubwa. Hapo waya wenyewe ndio umegeuzwa fyuzi, na fyuzi hiyo imepita ndani ya ukuta.

Nyaya mbili kwenye kibano kimoja ni kasoro, isipokuwa breka imetengenezwa kwa ajili hiyo. Mmoja ukiwa mnene na mwingine mwembamba, mnene hubeba mkazo wote wa skrubu na mwembamba hubaki unacheza.

Kwenye sanduku dogo linalolishwa na lile kuu, nyutro na ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini) zikae kwenye baa tofauti, yaani vipande tofauti vya chuma vya kuunganishia nyaya. Zikiunganishwa hapo, sehemu ya mkondo hurudi kwa njia ya ethi na mabomba, na nyutro ya kulishia ikikatika, chuma cha friji au jiko kinaweza kuwa na umeme.

Mengine yanaonekana haraka: matundu yaliyoachwa wazi, kebo inayosuguana na ukingo wa bati bila mpira, kutu, waya wa alumini uliobanwa kwenye kibano kilichotengenezwa kwa ajili ya waya wa shaba pekee, skrubu ya kifuniko yenye ncha kali inayoweza kutoboa waya.

Kwenye ripoti usiandike “nyaya mbovu”. Andika: “Breka namba 4, ampia 32, inalinda waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 wa hita. Waya unaweza kupata joto kupita kiasi bila breka kukata. Fundi mwenye leseni apime mzigo, aweke waya na breka vinavyolingana.” Ambatanisha picha inayoonyesha namba ya breka na waya wenyewe kwa pamoja.