Miche ya mninga imekauka: tupande tena?

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu 18 wa kujitolea wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Serikali ya kijiji ilitukabidhi hekta 4 za msitu wa kijiji, mahali palipokatwa kuni za kukaushia tumbaku, ili tuurudishe uoto wa asili. Desemba iliyopita tulipanda miche 600 ya mninga. Agosti hii tumehesabu yenye majani, haifiki 40. Tumeanza kuchangishana fedha za viriba vingine (mifuko ya kuoteshea miche). Tupande tena, au tumekosea wapi?

JIBU: Msinunue viriba bado. Agosti ni mwezi mbaya wa kuhesabu mninga. Katika miaka yake ya mwanzo mche wa mninga hukauka shina lote wakati wa kiangazi, ukabaki mzizi tu ardhini, kisha mvua zikirudi huchipua upya. Hujirudia hivyo miaka kadhaa, wakati mwingine hata kumi, hadi mzizi uwe na akiba ya kusukuma shina lisilokauka tena. Wengi huukatia tamaa mti huu ungali hai.

Hakikisheni hivi. Chagueni miche mikavu 10 iliyotawanyika, si ya mstari mmoja. Chimbeni upande mmoja wa kila mche, shubiri moja kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 15, mkwaruze gome la mzizi kwa ncha ya kisu. Pakiwa na unyevu na nyama ngumu, mche u hai: fukieni. Gome likibanduka lenyewe na ndani pakawa kahawia pakavu, au mchwa wameshakula, huo umekufa. Sita ikiwa hai kati ya kumi, mna makadirio ya miche 336 hivi kati ya mikavu kama 560, mbali na ile yenye majani. Hesabu ya kweli fanyeni Januari. Kwa sasa chomekeni kijiti kirefu pembeni ya kila mche, kwa sababu vifo vingine vya kipindi hiki huletwa na fyekeo la mwanakikundi mwenyewe anayesafisha nyasi.

Iliyokufa kweli, ng'oeni michache mtazame mzizi mkuu. Ukiwa umejizungusha kama kamba, ulikaa mno kwenye kiriba kifupi. Mzizi wa mninga hukimbilia chini kabla shina halijawa na maana, na ukishajikunja hauufikii unyevu wa chini kiangazi kinapokaza.

Lakini hata miche yote 600 ikipona, nguvu kubwa ya eneo lenu iko kwenye visiki. Mtundu, muba na muyombo vikikatwa huchipua, na chipukizi lina mzizi wa miaka mingi chini yake pamoja na kuvu wa udongoni ambao miti hiyo huwategemea kupata chakula. Mche wa kitaluni unaanza bila hazina hiyo. Ndiyo maana mkiotesha mtundu au muba, changanyeni udongo uliochotwa chini ya miti mikubwa ya aina hiyohiyo.

Kazi ya visiki ifanyeni Juni na Julai, kabla majani mapya hayajatoka. Kwenye kila kisiki acheni machipukizi 3 au 4 yaliyonyooka na kushika vizuri karibu na ardhi, mengine kateni. Msibakize moja mwaka wa kwanza, maana ng'ombe au upepo ukilivunja mmerudi sifuri. Yanayobaki yapogoleeni theluthi ya chini tu. Panga liwe kali na likate kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwenda chini gome huchanika na kidonda huingiza magonjwa. Fungeni kitambaa chenye rangi ili mtafuta fito ajue kisiki kina mwenyewe.

Adui mkubwa ni moto wa Agosti hadi Oktoba. Nyasi zimekauka kabisa, na chipukizi lisilofika mita 2 huungua hadi kwenye kisiki. Safisheni barabara ya kinga moto kuzunguka eneo mwezi Mei, upana wa mita 5 au zaidi, hadi udongo uonekane. Nyasi zilizofyekwa ziondolewe, zisirundikwe ukingoni. Mkitaka kuchoma nyasi mapema, kabla hazijakauka kabisa, nje ya barabara hiyo, pateni kibali kwanza, washirikisheni kamati ya maliasili na majirani, na mchome jioni upepo ukitulia. Kaeni pia na walina asali, maana moto wa mwenge mmoja ulioachwa hauzimwi na watu 18.

Jambo moja linaniuma kila ninaposikia vikundi "vimesafisha msitu". Magogo yanayooza na miti yenye matundu msiyaondoe. Humo hulala nyuki wadogo na ndege, na vichuguu navyo vina mimea yake.

Kupima maendeleo, kamba ya mita 10 inatosha. Pigeni kigingi katikati, zungukeni na kamba ikiwa imekazwa na kulala sawa, isipande wala kushuka, mhesabu kila shina ndani ya duara na aina yake. Duara hilo ni mita za mraba 314, hivyo wastani wa maduara 10 ukizidishwa kwa 32 hukaribia idadi kwa hekta. Maduara myachague kwa kupiga hatua sawa kwenye mstari, si kwa kufuata palipopendeza. Mrudi mwezi uleule kila mwaka, kwenye vigingi vilevile. Fedha mlizochanga zinunulie mafyekeo, reki na viatu vya watu wa zamu ya moto.