Rangi ya mabati Goma: anza na matundu

Mwenye paa Goma anamjua adui yake. Upepo ukigeuka, moshi wa volkano ya Nyiragongo unatushukia na gesi ya salfa. Ikikutana na mvua inakuwa asidi, na asidi hula zinki ya bati kabla hata kutu haijaonekana. Nimepaka mapaa miaka mingi, toka Majengo hadi Himbi, na swali la wateja ni lile lile: tupake mara ngapi? Mimi hupanda juu kwanza kutafuta matundu.

Watu wa vyombo vya anga za juu wanalijua hili vizuri. Kwenye kilomita 400 hivi juu yetu, kinakozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, mionzi ya jua huvunja oksijeni ikawa atomi mojamoja. Kituo huzigonga kwa mwendo wa karibu kilomita 8 kwa sekunde, na plastiki isiyo na kinga huliwa taratibu. Ndiyo maana karatasi za plastiki ya Kapton zinazobeba seli zake za sola zilipakwa silika, yaani kitu kile kile cha kioo, tabaka jembamba mara mamia kuliko unywele. Linatosha, kwa sababu silika imeshashiba oksijeni. Shida ni penye tundu. Chombo cha majaribio cha Marekani, LDEF, kilipelekwa juu mwaka 1984 na kurudishwa mwaka 1990. Chini ya vitundu vya tabaka la kinga, oksijeni ilikuwa imechimba pango pana kuliko mlango wake.

Sasa panda juu ya paa lako, tafuta msumari uliopoteza mpira. Rangi inaonekana nzima, ila ukiibonyeza kwa ukucha kando ya kichwa cha msumari, inabonyea. Ivute: inatoka kipande kizima, na chini yake kutu imeshatambaa mbali. Hapo hata ukipaka mara tano unapoteza pesa. Kwangua mpaka chuma king'ae, badilisha msumari, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo uendelee. Kingo zilizokatwa nazo ni hivyo hivyo. Fundi akikata bati kwa mashine, cheche zinatua na kuacha vidoa vya kutu. Zifagiwe siku hiyo hiyo.

Bati jipya lina mafuta ya kiwandani, kwa hiyo lioshe kwa sabuni. Na usikubali lipakwe rangi ya mafuta moja kwa moja: ikigusana na zinki, sehemu yake inageuka sabuni, na baadaye rangi inabanduka yenyewe. Chukua rangi ya maji ya akriliki, au ile ya kutangulia iliyoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya bati la zinki. Majivu ya volkano yakianguka, yaoshe kwanza, maana yanashika unyevu na asidi.

Radiata za kile kituo cha anga, yaani paneli zake za kupoza, zimepakwa nyeupe ili zirudishe jua na kutoa joto. Hapa watu wanataka nyekundu na kijani, basi wapikwe humo ndani, pesa ni yao. Ila kama unakinga maji ya mvua, rangi yenye madini ya risasi isipande juu ya paa lako hata kwa bei ya bure.

Paka kiangazi, kati ya Juni na Agosti, umande ukishakauka. Pesa ikiwa haitoshi paa zima, shughulikia misumari na kingo mwaka huu. Bati la katikati litasubiri.