Kaboni-14 haifiki Tendaguru

Wadogo zangu wa Kusini mnaokwenda kuanza kozi ya fizikia ya nyuklia, mimi ni mtoto wa Lindi na somo hili lilinipa sapu (mtihani wa marudio). Hesabu hazikunishinda. Fomula ya nusu maisha (muda ambao nusu ya atomu zenye mionzi huvunjika) niliikariri hadi ningeweza kuiandika gizani, ila sikujua inasema nini.

Siku moja mhadhiri aliomba mfano wa matumizi ya kaboni-14, kaboni yenye mionzi inayotumika kupima umri wa mabaki ya viumbe. Nikanyoosha mkono kwa mbwembwe: mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kwetu Lindi, ile waliyoichimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin! Akaniita ubaoni. Nusu maisha ya kaboni-14? Miaka 5,730. Umri wa mjusi? Kama miaka milioni 150. Haya, gawanya. Zikatoka nusu maisha zaidi ya 26,000. Nikabaki na chaki mkononi. Zikipita nusu maisha 10 tu, kinabaki kiasi cha 1 kati ya 1,024. Zikipita 26,000, hata mjusi mzima angekuwa kaboni-14 tupu, isingebaki atomu moja. Kwa umri wa namna hiyo watu hutafuta miamba yenye urani inayogeuka kuwa madini ya risasi. Urani-238 ina nusu maisha ya miaka bilioni 4.5.

Tangu siku hiyo sigusi kikokotoo kabla sijajiuliza: zimepita nusu maisha ngapi?

Ukitaka jambo hili likukae, azima sarafu 64 kwa muuza genge (atazihesabu zikirudi, usijali). Zirushe zote mezani, toa zilizoangukia upande wa kichwa (hizo ndizo viini vilivyovunjika), rusha zilizobaki. Utapata 32 hivi, kisha 16 hivi. Neno "hivi" ndilo somo lenyewe. Halafu angalia sarafu iliyosalimika mara tano. Haijachoka, wala zamu yake haijakaribia. Mara ya sita nafasi yake ni nusu ileile. Kiini cha atomu ni hivyohivyo, hakizeeki. Mimi hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, kwa sababu kila kitu kingine tunachokijua huzeeka. Baadaye rudia kwa vifuniko vya soda. Haviangukii nusu kwa nusu, kwa hiyo nusu maisha yake utalazimika kuitafuta mwenyewe kwenye grafu.

Vipimo: bekereli huhesabu viini vinavyovunjika kwa sekunde, sivati hukadiria athari kwa mwili. Usizichanganye. Gramu 100 za korosho zina bekereli kama 20 kutokana na potasiamu-40 (aina ya potasiamu yenye mionzi), na mwili wa mtu mzima una zaidi ya 4,000 za potasiamu hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akikutajia bekereli peke yake ili akutishe, muulize ni za nini, na ziko ndani ya mwili au nje. Mionzi ya alfa huzuiwa na karatasi, lakini chanzo chake kikivutwa hadi mapafuni ni habari nyingine.

Maabara, pima kwanza mionzi ya mazingira (hata kuta huitoa) kabla ya kuweka chanzo mbele ya kaunta ya Geiger, kifaa cha kuhesabu mionzi, kisha uiondoe kwenye kila hesabu. Mimi nilisahau. Grafu yangu ikagoma kushuka hadi sifuri, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba chanzo kile hakimaliziki. Msimamizi aliizungushia sentensi hiyo wino mwekundu, pembeni akaandika: "Umepima ukuta."