Upepo wa matairi kwa njia za changarawe za Msitu wa Karura

SWALI: Fundi, salamu. Kila Jumamosi mimi huingia Msitu wa Karura, Nairobi, kwa baiskeli pamoja na binti yangu, kwa kuwa ni mojawapo ya mahali pachache jijini ambapo mtu huendesha saa nzima bila kusukumwa pembeni na matatu wala bodaboda. Matairi yangu yameandikwa 38-622, nami nina uzito wa kilo 78. Mwanzoni nilijaza upepo hadi PSI 75 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo), namba iliyochapishwa ubavuni mwa tairi. Mikono ikawa inakufa ganzi, na gurudumu la nyuma linateleza kila nikipanda mlima. Nilipopunguza upepo kwa kukisia, nilipata pancha mbili ndani ya wiki moja, na kila tyubu ilikuwa na matundu mawili yaliyokaa sambamba. Je, upepo sahihi ni upi, au ninunue matairi mapana zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na PSI 43 nyuma na 37 mbele, ukipima kwa pampu yenye geji, kabla hujatumia hata shilingi moja kwa matairi mapya. Nitaeleza kwa nini namba hizo ziko chini hivyo ili uweze kuzirekebisha mwenyewe.

Namba 75 uliyoisoma ni kikomo ambacho mtengenezaji hataki ukivuke. Si kipimo cha kila safari. Mafundi wengi, nami nilikuwa mmoja wao nilipoanza kazi, hujaza hadi hapo kwa sababu mteja akilibonyeza tairi na kulikuta gumu huondoka ameridhika. Kwenye lami laini hasara yake ni ndogo. Kwenye changarawe mambo hubadilika, na hesabu yake ni nyepesi: uzito ulio juu ya gurudumu ukigawanywa kwa shinikizo la upepo hukupa, kwa kukadiria, eneo la tairi linalogusa ardhi. Wewe, baiskeli na maji mna takriban kilo 92, na zaidi kidogo ya nusu, tuseme kilo 53, hukaa nyuma. Kwa PSI 75 tairi lako la nyuma hugusa ardhi kwa sentimita mraba 10 tu, wakati kwa PSI 43 eneo hilo hufika kama 17. Kokoto zilizolegea juu ya udongo mkavu uliogandamana huviringika chini ya tairi kama gololi, na tairi lenye eneo dogo hukaa juu ya kokoto chache zinazokimbia zote pamoja; ndiyo maana gurudumu lako lilikuwa likizunguka bure mlimani. Tairi lililolegezwa kiasi huzizunguka kokoto hizo na kulifikia tabaka gumu lililo chini yake.

Ganzi ya mikono ina chanzo kicho hicho. Tairi gumu likikutana na jiwe halilimezi, bali hulipanda, na kila mara hulazimika kukuinua wewe mzima pamoja na baiskeli yako. Nguvu hiyo hutoka miguuni mwako na kuishia viganjani, kwa hiyo yule anayeamini kwamba tairi gumu humfanya awe mwepesi kwenye changarawe kwa kawaida anachoka mapema zaidi.

Sasa tuje kwenye pancha zako, ambazo zinasimulia kisa kizima. Tundu moja huwa ni mwiba, kipande cha chupa au waya. Matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, maana yake ni kwamba tairi lilibonyea hadi tyubu ikabanwa kati ya kingo mbili za rimu na kitu kigumu, na Karura vitu hivyo ni mizizi inayokatiza njia pamoja na mawe yaliyochomoza baada ya mvua kuuchukua udongo. Umeshuka chini mno, lakini kwa kiasi gani haijulikani, kwa sababu hukupima. Kidole gumba ni kipimo cha uongo: kwa upepo ule ule, tairi pana huwa gumu kuguswa kuliko jembamba, na hata mkono uliozoea hukosea kwa PSI kumi bila kujua. Pima asubuhi ya kila safari, kwa kuwa tyubu ya kawaida hupoteza upepo kidogo kidogo hata ikikaa ukutani wiki nzima. Ukishafika msituni, tafuta mzizi mmoja, uuvuke polepole ukiwa umekaa kwenye kiti, na usikilize: ukisikia rimu ikigonga, ongeza PSI tatu nyuma na urudie. Usiposikia kitu na mikono bado inalalamika, punguza mbili, lakini usivuke kiwango cha chini ikiwa tairi lako limeandikwa hicho pia.

Hukuniuliza juu ya baiskeli ya binti yako, ila nadhani unaijaza sawa na yako, kwani wazazi wengi hufanya hivyo. Mtoto wa kilo 30 hana uzito wa kulibonyeza tairi la PSI 50, kwa hiyo baiskeli yake huruka kama mpira kwenye kila kokoto. Kwa tairi la upana wa milimita 50, PSI 20 hadi 25 humtosha, mradi tairi lenyewe linaruhusu.

Mvua za Machi hadi Mei zikianza, udongo mwekundu wa Nairobi huwa utelezi ambao hakuna geji itakayoutibu. Baki kwenye njia kuu zenye changarawe nene, na ujihadhari na mahali penye mikaratusi, ambapo majani na magome yaliyolowa hufunika njia. Unapopanda, kaa kwenye kiti na utumie gia nyepesi. Ukisimama juu ya pedali, unauondoa uzito juu ya gurudumu lile lile unalotaka lishike ardhi.

Kuhusu matairi mapana, kwanza zisome namba ulizonipa: 38 ni upana kwa milimita, na 622 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kipimo ambacho lazima kifanane katika tairi lolote utakalonunua. Tairi la 45-622 lingekuwezesha kushuka hadi karibu PSI 35 nyuma na 30 mbele, na mizizi isingekusumbua zaidi ya matuta ya kawaida, lakini litaongeza milimita 3.5 kila upande. Tafuta kitu chenye unene wa milimita 9 na ujaribu kukipitisha kati ya tairi na fremu nyuma, kisha kati ya tairi na uma wa mbele, pande zote mbili. Kikipita bila kukwaruza, nunua. Kikikwama, baki na 38, kwa sababu tope la Karura likijaa katika nafasi iliyobaki litasaga rangi na kisha fremu yenyewe.