Nani wanaendesha chama cha mapango Marekani?
Mkuu, umeuliza ni akina nani wako nyuma ya NSS, chama cha taifa cha wapenda mapango Marekani. Usitegemee ghorofa la maofisa. Ofisi yao iko Huntsville, Alabama, na waajiriwa ni wachache. Rais na wakurugenzi ni wanachama wanaojitolea, kwa hiyo barua pepe ikikawia si dharau; huenda mhusika yuko chini ya ardhi, tope hadi masikioni. Ukitaka kuwajua vizuri, anzia tawi la karibu, wenyewe huliita groto. Nenda mkutanoni, wasaidie kuosha kamba. Ila usianze kwa kuuliza pango fulani liko wapi! Hiyo siri wanaitunza kwa sababu ya waharibifu, utanuniwa.