Maswali ya Wasomaji: Kizuizi cha Kitanda cha Mtoto

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nyakato hapa Mwanza. Mdogo ana mwaka mmoja na miezi saba, na tangu nilipomwachisha kunyonya analala na dada yake mwenye miaka minane kwenye kitanda cha futi nne kwa sita. Mwezi huu ameanguka usiku mara mbili, nasi sakafu yetu ni ya saruji tupu. Jirani ameniazima kizuizi cha kitambaa chenye vyuma vinavyochomekwa chini ya godoro. Fundi seremala wa mtaani anasema atanipigilia mbao ubavuni kwa siku moja tu. Mama mkwe anasema mito miwili inatosha, kwani ndivyo alivyolea wanawe. Nishike lipi?
Mama wa Wawili, Nyakato

JIBU: Pole sana, Mama wa Wawili. Kabla ya habari za mbao, tuanze na kichwa cha mtoto. Mtoto aliyeanguka kisha akatapika mara kwa mara, akalegea au akalala usingizi usio wa kawaida yake, akashikwa na degedege, au akatokwa na damu au majimaji masikioni au puani, apelekwe hospitali saa hiyohiyo bila kungoja kukuche. Kama wako hakuonyesha dalili hizo, tuendelee.

Kwa umri alio nao mwanao, nakushauri usishike lolote kati ya hayo matatu. Najua jibu hili linaudhi, hasa kwa kuwa kizuizi tayari kimo nyumbani, lakini sababu yake ni nzito. Sisi wazazi huogopa mtoto kuanguka kwa sababu kishindo tunakisikia. Mwanya ulio kati ya godoro na kizuizi hatuusikii, na huo ndio unaoua. Vile vyuma vya kizuizi cha kitambaa vimekaa chini ya godoro kwa uzito wa godoro na wa walalaji tu. Mtoto anapojigeuza usiku na kukisukuma kwa mgongo, kizuizi husogea nje kidogo kidogo, godoro la sponji nalo hubonyea pembeni, na mwili wake ukateremka katikati kwa miguu huku kifua au shingo vikibanwa juu. Mtoto wa umri huo hana nguvu wala akili ya kujinasua. Kulia pia hawezi, maana uso umekandamizwa kwenye godoro au kifua kimebanwa asiweze kuvuta pumzi. Ndiyo maana vizuizi vya aina hiyo, ambavyo Marekani iliviwekea kanuni ya lazima mwaka 2012, hukusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 5, tena wale tu wanaoweza kupanda na kushuka kitanda cha mtu mzima pasipo kusaidiwa. Wako hajafika huko.

Mbao za fundi zina balaa hilohilo kwa sura nyingine, kwa kuwa vitanda vyetu na magodoro yetu mara nyingi havikununuliwa siku moja wala kwa kipimo kimoja. Kitanda ni cha futi nne kamili, godoro limekwisha kusinyaa kwa miaka na kwa kuanikwa juani, na pembeni imebaki nafasi inayopitisha ngumi. Ukipigilia mbao hapo umetengeneza mtego. Kitanda kilichosogezwa ukutani nacho ni vivyo hivyo, na kwa nyumba zetu za milimani ambazo ukuta na sakafu havikunyooka sana, mwanya huwa mwembamba kichwani na mpana miguuni. Kuhusu mito, umwambie mama mkwe kwa adabu kwamba haizuii: mtoto huipanda kama ngazi akaangukia mbali zaidi, na kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, mto karibu na uso unaweza kumziba pumzi.

Lifaalo ni kupunguza urefu wa kuanguka. Mwambie yule fundi, badala ya kupigilia, akate matendegu ya kitanda mpaka godoro libaki karibu na sakafu, kisha utandike mkeka au blanketi lililokunjwa kando yake. Usipotaka kukata kitanda, weka godoro dogo juu ya chaga fupi sakafuni, mbali na ukuta, ili hewa ipite chini yake na lisiote ukungu wakati wa masika. Asubuhi uliinue lipate upepo. Chandarua kisiachwe kwa sababu ya mabadiliko haya, maana malaria ya ukanda wetu wa ziwa haijali mtoto analala juu au chini. Kining'inize darini na ukichomeke chini ya godoro pande zote, lakini usikitegemee kumzuia mtoto asibingirike.

Uwezo ukiruhusu, kitanda chake mwenyewe chenye nondo za mbao kinafaa, maadamu nafasi kati ya nondo na nondo haizidi sentimita 6 na godoro limejaa pande zote bila kuacha mwanya. Dada yake pia atashukuru, kwani kulala na mdogo anayepiga mateke si kazi ndogo.

Akishatimiza miaka miwili na akawa anapanda na kushuka mwenyewe, unaweza kurudi kwa fundi. Kizuizi kifungwe kwa bolti kwenye ubavu wa kitanda wala si kwa misumari, kigusane na godoro hata ukilikandamiza kwa ngumi na uzito wako wote, na nondo zake zisimame wima, kwa kuwa za kulala hugeuka ngazi. Upande wa miguuni uachwe wazi ashukie. Uwazi huo usiwe wa kati na kati: uwe mpana wa sentimita 23 au zaidi, kwani upana wa kupitisha kiwiliwili na kukwamisha kichwa ndio mbaya kupita wote. Kizuizi cha jirani mrudishie, na umweleze sababu.

SWALI: Mhariri, wajukuu wanakuja likizo na nimewanunulia dabo deka. Wa miaka minne ameshajitangazia kitanda cha juu. Kina ubao upande mmoja, upande wa pili nimekiegemeza ukutani. Je, inatosha?
Babu, Kitangiri

JIBU: Shikamoo, Babu. Haitoshi, na huyo wa miaka minne alale chini hata akinuna. Kitanda cha juu si cha mtoto aliye chini ya miaka 6. Kwa hao wakubwa, kizuizi kiwe pande zote mbili, ukutani pia, kwa sababu kitanda husogea na mtoto akateleza kati yake na ukuta. Kanuni za Marekani hutaka kizuizi kipite uso wa godoro kwa sentimita 12.7 angalau, na mianya yake isizidi sentimita 8.9. Pima baada ya kutandika, si kabla: godoro la inchi nane ndani ya kizuizi cha inchi kumi hubakisha inchi mbili tu, kwa hiyo juu weka godoro jembamba. Ngazi ikazwe isicheze, na kamba za chandarua zisiachwe zikining'inia karibu na shingo za walalaji. Kisha, Babu, tazama dari. Kama chumba hicho kina panga boi, dabo deka lihamishiwe kona ambayo mkono wa mtoto aliyesimama juu ya godoro hauwezi kulifikia.